Hariri kwa nguo za kila siku hapa Zanzibar: maswali yale yale mnayouliza

Kila ikikaribia Idi au msimu wa harusi maswali haya yanarudi, mengine ya Unguja mengine ya Pemba, kwahiyo nimeyaweka pahala pamoja. Anaeanza tu aanze juu, mwenye hariri yake kabatini tayari ashuke moja kwa moja kwenye kufua.

## Mambo ya mwanzo

Hariri hasa inatoka wapi?

Kwa kiwavi. Anakula majani ya mforosadi kama wiki nne bila kupumzika sana, anajivua ngozi mara nne, uzito wake unapanda kama mara 10,000, halafu ghafla anaacha kula na kuanza kujizungushia uzi siku mbili tatu mpaka anajifungia mwenyewe ndani ya kifukofuko. Kifukofuko kimoja ni uzi mmoja usiokatika, mara nyingi unazidi mita 600.

Uzi huo ni protini, jamaa wa nywele na sufu. Shika hilo la protini manake majibu mengi ya huko chini yanatoka hapo, kwa nini jiki inaila, kwa nini ikichomwa inanuka nywele, kwa nini wadudu wa kabatini wanaipenda kuliko pamba.

Na joto hili la kwetu, kwa nini nisivae kanga tu?

Kanga vaa, nani kakwambia uiache. Kwa kupika, kulala mchana, kubeba mtoto, pamba haina mpinzani, unaifua utakavyo unaianika juani basi. Hariri ina pahala pake: mtandio, foronya, blauzi ya kazini, gauni la ndani ya baibui, dera la kutokea. Ni nyepesi, haigandi mwilini kama poliesta, na inaweza kunyonya unyevu karibu asilimia 30 ya uzito wake kabla hujaisikia kama imerowa. Kipupwe nacho kikija, usiku wa upepo wa kusi, kitambaa hicho hicho kinakutia joto kidogo.

Ubaya wake ni makwapani. Jasho lina chumvi, likikaukia kwenye hariri linaacha alama na kitambaa kinachoka mapema. Kama wewe ni mtu wa jasho jingi nunua rangi nyeupe ya maziwa au yenye maua maua, na mwambie fundi aweke nafasi ya kutosha kwapani.

Ati hariri ni rafiki wa mazingira, kweli au maneno ya wauzaji?

Nusu kweli. Upande mzuri ni huu: inatokana na mti unaokatwa majani na kuchipua tena, ikichakaa inaoza, na ukiifua haimwagi vinyuzi vya plastiki. Sisi watu wa visiwani tunazungumza sana habari ya plastiki, mifuko tumeikataza huku hata kabla ya bara ambako marufuku ilianza 2019, lakini baibui la poliesta nalo ni plastiki, kila likifuliwa linaachia vinyuzi vidogo visivyoonekana na maji yale hatimae yanakwenda baharini tunakovua.

Upande wa pili wauzaji hawausemi. Kilo moja ya uzi wa hariri inataka vifukofuko 5,000 na zaidi, majani kwa makapu, maji ya moto kwa kuni au umeme, rangi za kiwandani, halafu mzigo wenyewe unatoka China au India, ndio wa kwanza na wa pili duniani kwa kuizalisha. Kwahiyo mtu anaenunua gauni la hariri kwa harusi moja na kulitupa hajasaidia mazingira yoyote. Hesabu inabadilika ukilivaa miaka. Mie nnavyoona nguo moja ya hariri ya kweli inayovaliwa kila wiki ni bora kuliko nne za kuangalia kabatini, na kama huna nia ya kuivaa hivyo chukua pamba na roho yako itulie.

Wadudu wanachemshwa wakiwa hai?

Ndio. Nondo akiachwa atoboe atoke, ule uzi mrefu unakatika vipande vipande, ndio mana vifukofuko vinatiwa mvuke au maji ya moto kabla hajatoka. Ipo hariri ambayo nondo anaachwa atoke kwanza, halafu uzi unasokotwa kama pamba. Inakuwa haing'ari sana, ina vinundu vinundu, na bei iko juu. Ipo pia hariri ya eri ya kule Assam, India, kiwavi wake anakula majani ya mbarika (wengine mnaita mbono au mnyonyo) na kifukofuko chake kina mdomo wazi toka mwanzo, hakina haja ya kutobolewa. Kama jambo hili linakukera moyoni tafuta hizo mbili, au nunua hariri iliyokwisha tumika, angalia swali la sari hapo chini.

Hariri si ugeni kwetu sisi Waswahili?

Hata kidogo! Ibn Battuta, yule msafiri wa Kimoroko, alipopita pwani hii 1331, Mogadishu alivalishwa futa ya hariri (kitambaa cha kujifunga kiunoni), na sultani wa pale alitembea huku juu ya kichwa chake pameinuliwa miavuli minne ya hariri za rangi, kila mmoja na ndege wa dhahabu juu. Karne ya 16 padre mmoja Mreno, Monclaro, akaandika kuwa kisiwa cha Pate kunafumwa vitambaa vya hariri vya thamani ambavyo Wareno walivichukua kwenda kuviuza miji mingine ya pwani manake havikutengenezwa kwengine. Ufumaji ule haupo tena, ila asikwambie mtu kuwa hariri imekuja na watalii.

## Dukani

Satini si ndio hariri?

Hapana, na hili ndio swali nnaloulizwa kuliko yote. Satini ni namna ya kufuma, nyuzi zinarukwa nyingi juu ili kitambaa kiteleze na king'are upande mmoja. Unaweza kufuma satini kwa hariri, kwa pamba, kwa poliesta. Ile inayotandazwa madukani Darajani na Mchangani, inayong'ara sana, bei poa, rangi zote za upinde wa mvua, takriban yote ni poliesta. Si wizi kama muuzaji kakwambia satini. Wizi ni akikwambia hariri safi.

Krepu na shifoni nazo ni hivyo hivyo, jina la ufumaji halikwambii uzi ni wa nini.

Nitaijuaje ya kweli?

Kwa moto. Chomoa nyuzi mbili tatu kwenye pindo la ndani, zishike kwa kibano juu ya sinia au beseni la maji (si sebuleni karibu na pazia tafadhali), zitie kiberiti. Hariri inaungua polepole, ukiondoa moto mara nyingi inazimika yenyewe, inanuka nywele zilizoungua, na majivu yake ukiyabana kwa vidole yanasagika kuwa vumbi. Poliesta inayayuka, inanuka plastiki, inaacha kishanga kigumu cheusi hakisagiki. Ikinuka karatasi iliyoungua, hiyo ni viskosi (uzi wa kiwandani unaotokana na miti) au pamba.

Kitambaa kilichochanganywa kinakupa majibu mawili kwa pamoja, kwahiyo choma uzi wa urefu na uzi wa upana mbali mbali. Wahuni wanaweka hariri upande mmoja tu.

Muuzaji anaekataa kukupa hata uzi mmoja, wewe ndio umeshajibiwa. Ile ya kupitisha mtandio ndani ya pete isahau, kitambaa chochote chembamba kinapita.

Lebo inasema nini cha maana?

Tafuta asilimia. Asilimia 100 hariri, basi. Maneno kama "silky", "satin feel" na hasa "art silk" kwenye mizigo ya India maana yake ni ya bandia. Hariri nzuri pia inaandikwa momme, ni kipimo cha uzito, momme 1 ni kama gramu 4.3 kwa mita mraba. Mtandio mwepesi unaweza kuwa momme 8, blauzi 16 mpaka 19, foronya na shuka 19 mpaka 22. Kitambaa cha momme ndogo kwa gauni la kila siku kitakuchanikia makalioni, ukweli ndio huo.

Sina pesa ya hariri mpya, nifanyeje?

Mitumba na sari za zamani. Kwenye marobota ya mitumba blauzi za hariri zinapita kila siku zimechanganywa na poliesta manake muuzaji mwenyewe hana habari nazo, soma vilebo vya mbavuni. Na sari za hariri kutoka kwa familia za Kihindi za Mjini, mtu anahama au anapunguza kabati, sari moja ni mita tano na zaidi, fundi anakutolea gauni na mtandio na foronya. Angalia tu mikunjo ya zamani, ikunjue juu ya dirisha upitishe mwanga, sehemu iliyokaa imekunjwa miaka ndio inayokatika kwanza, hasa ile yenye nyuzi za dhahabu. Ukinunua mtumba kwa mazingira umefanya zaidi kuliko mwenye lebo ya kijani dukani.

## Kufua

Lazima nipeleke kwa dobi?

Kwa nguo nyingi hapana. Beseni, maji ya baridi au ya vuguvugu kidogo, sabuni laini. Shampuu ya nywele inafaa kabisa, protini ni protini. Izungushe dakika tatu nne, usisugue, usiikamue kwa kuinyonga kama unavyokamua kanga, manake hariri ikirowa inapungua nguvu. Izungushie taulo ukandamize maji yatoke.

Sabuni ya unga ya kawaida na sabuni ya mche ni kali kwake, siku moja haitokufa lakini kila ukifua inapoteza ule mng'aro. Jiki kamwe. Jiki haing'arishi hariri, inaifanya ya manjano kisha inaiyayusha, na ukiitia nyingi utabaki na matundu.

Kabla hujarowesha nguo ya rangi kali jaribu kwanza upande wa ndani na kitambaa cheupe chenye maji, nyekundu na bluu nzito zinachuja sana. Zenye darizi nzito, shanga au bitana za kitambaa chengine, hizo ndio za dobi anaejua kazi.

Maji yetu ya kisima ni ya chumvi na magumu, inakuwaje?

Swali la watu wa mashamba na kusini, na ni swali la haki kabisa, kisiwa chetu ni mawe ya matumbawe na chokaa ya mle inaingia majini. Sabuni haitoi povu, inabaki utando mweupe kwenye nyuzi, hariri inakuwa kavu na ngumu. Masika kinga maji ya mvua, ndoo moja inatosha mitandio kadhaa. Kiangazi, suuza mara mbili, na maji ya mwisho tia kijiko cha siki nyeupe kwenye ndoo, halafu pitisha tena maji safi. Harufu ya siki inaondoka ikikauka.

Maji ya bahari usiyajaribu hata kwa mzaha.

Nianike wapi?

Kivulini penye upepo, ndani nje. Jua letu linaifanya ya manjano na kuilegeza nyuzi. Blauzi nyeupe inayoachwa kwenye kamba toka asubuhi mpaka adhuhuri kila wiki haimalizi mwaka na uzuri wake. Waya wenye kutu nao ni adui.

Pasi?

Ya vuguvugu, kwa ndani, kitambaa kikiwa na unyevu kidogo bado. Usinyunyize matone ya maji, yanaacha madoa. Pasi ya mkaa mie naiogopa kwa hariri, cheche moja tu.

## Kabati, udi na mambo ya bi harusi

Naweza kuifukiza udi?

Unaweza, na harufu inakaa vizuri kuliko kwenye poliesta. Tandaza juu ya tenga, chetezo chini mbali, makaa yawe yameshapoa kidogo na kufunikwa jivu, usiende kujibu simu ukaiacha. Shida kubwa si moshi, ni mafuta. Halud na manukato ya mafuta ukipaka juu ya hariri unapata doa la duara halitoki. Pulizia au paka mwilini kwanza, subiri kukauke, ndio uvae. Manukato ya spirti vile vile, yanachuja rangi.

Masika nguo zinapata ukungu, hariri je?

Inapata, hasa iliyowekwa na jasho. Usiweke kabatini nguo uliyoivaa ukisema utaifua baadae. Ifue, ikauke kabisa, izungushie kanga kuukuu au kitambaa cha pamba, si mfuko wa nailoni manake unafungia unyevu ndani. Siku ya jua fungua milango ya kabati. Kila mara ukunje pengine, kwa sababu ile niliyoisema kwenye sari.

Na wadudu?

Wanapenda protini na jasho kuliko kitambaa kisafi. Usafi ndio dawa ya kwanza. Karafuu kavu kwenye kijifuko ni desturi yetu na Pemba hamkosi karafuu, zinaleta harufu nzuri, ila zisigusane na kitambaa moja kwa moja manake zina mafuta. Vile vidonge vyeupe vya kabatini navyo visigusane na nguo.

Hina, piko, liwa, singo?

Vyote vinaipaka hariri, na piko ndio mbaya zaidi. Hariri inashika rangi haraka kuliko pamba, ndio mana wapaka rangi wanaipenda. Bi harusi asivae hariri mpaka hina imepukutwa na mikono imeoshwa, na singo ya manjano iwe imesuguliwa na mwili umeogeshwa. Doa likiingia peleka kwa dobi siku hiyo hiyo, usilimwagie ndimu.

## Wanaume na sheria

Mume wangu anaweza kuvaa hariri?

Kwa tulivyofundishwa madrasa, hariri na dhahabu ni haramu kwa wanaume na halali kwa wanawake. Kanzu, shati, tai, yote yanaingia. Imetolewa ruhusa ya kiasi kidogo, hadithi ya Umar inataja vidole viwili, vitatu au vinne, kwahiyo darizi ya shingoni au pindo halina neno. Pia Mtume (S.A.W.) aliwaruhusu Abdurrahman bin Auf na Zubeir kwa sababu ya mwasho wa ngozi. Mtu mwenye maradhi ya ngozi basi amuulize daktari wake na sheikh wake, mie si mufti.

Kitambaa kilichochanganywa na pamba je?

Kwenye madhehebu ya Shafi, ambayo ndio ya wengi wetu hapa, wanaangalia uzito: hariri ikizidi hairuhusiwi kwa mwanamme, ikiwa ni chini ya nusu inaruhusiwa. Ndio mana asilimia za kwenye lebo zina faida hata hapa.

Na ile ya bandia inayong'ara kama hariri?

Poliesta na viskosi si hariri, katazo limehusu inayotoka kwa kiwavi. Kama inamfanya aonekane kajipamba kike hilo ni suala jengine.

Shuka na foronya za hariri chumba cha mume na mke?

Hapa wengi hawafikirii kabla ya kununua. Mashafi wanahesabu kukalia na kulalia pia ni kutumia, na hadithi ya Hudhaifa imekataza kuikalia. Wewe mke kwenye kauli yenye nguvu unaruhusiwa, yeye hapana. Suluhisho rahisi ni foronya yako ya hariri, yake ya pamba, shuka ya pamba. Na akikuibia mto usiku, hayo ni yenu.

## Ya pembeni

Foronya ya hariri kweli inasaidia nywele na chunusi?

Nywele ndio, msuguano ni mdogo kuliko pamba, nywele zilizosukwa hazifumuki upesi na hazikatiki sana. Lakini nisikudanganye, satini ya poliesta nayo inateleza vizuri, tofauti utaisikia kwenye joto la kichwa umeme ukikatika na feni imesimama. Chunusi haziponi kwa foronya. Ifue kila wiki, hiyo ndio itakusaidia zaidi.

Fundi wangu anaikataa hariri, anasema inamsumbua.

Ana haki, inateleza. Mpe kitambaa kimeshafuliwa kabla, manake inaweza kuruka kidogo maji ya mwanzo. Mwambie atandike magazeti chini akate pamoja nayo, atie sindano mpya nyembamba namba 9 au 11, pini aziweke kwenye ukingo wa ndani ya mshono tu kwa sababu tundu halijifuti. Na asiibane mwilini, hariri ikibanwa mshono unafunguka nyuzi zinasogea. Akikataa bado tafuta mwengine kuliko kumlazimisha.

Tunaweza kufuga viwavi wa hariri Pemba?

Mforosadi unaota kwetu, hilo halina ubishi, na nchi jirani wameshaifanya kazi hii, Kenya taasisi ya utafiti wa wadudu ya icipe ya Nairobi imewafundisha wakulima, na Madagaska wana hariri yao ya toka zamani ya kufumia lamba (shuka lao la kujifunga), mpaka ya kiwavi wa porini.

Ugumu ni joto na unyevu. Kiwavi anapenda nyuzi joto kama 23 mpaka 28, ikizidi 30 na hewa imejaa maji anaugua, na maradhi yakiingia yanafagia chano kizima cha viwavi. Sisimizi na mijusi nao wanamtafuta. Nyumba ya makuti yenye upepo, miguu ya meza kwenye vikopo vya maji, majani mabichi yasiyopigwa dawa mara kadhaa kwa siku, usiku pia. Halafu kutoa uzi kunataka mtambo na mkono uliozoea, na soko la vifukofuko vichache halipo hapa. Mtu wa kujaribu mie ningemwambia aanze na kiwavi wa mbarika, yule wa hariri ya eri, anavumilia zaidi, chakula chake kinaota hata pembezoni mwa njia, na uzi wake unasokotwa kwa mkono bila mtambo. Apande mti kwanza lakini, mayai baadae, asije akawa na midomo elfu inayotaka majani na mti wake una urefu wa goti.